Mafuta Yakiisha Mara Mbili

Kila Jumamosi asubuhi, Agata alikuwa ndani ya gari la baba yake, amebanwa kati ya gunia la pumba na babu aliyekuwa akilalamika. Babu Zenoni alilalamikia baridi, alilalamikia kofia yake, alilalamikia hata chai ya kwenye chupa. Lakini gari likishatoka mtaa wa East Side na kuuacha mji wa Buffalo, alinyamaza. Huko mashambani, familia chache za kanisa lao zilikuwa zimekodi kijumba, uwanja na banda la mbuzi. Babu alipowasikia mbuzi wakilia, alitabasamu kama mtu aliyefika kwao.

"Harufu ya Mtabila," alisema kila mara.

Mtabila ilikuwa kambi ya wakimbizi huko Tanzania. Agata aliondoka kule akiwa mdogo sana, na kitu alichokumbuka ni kimoja tu: harufu ya unga wa moto kwenye mashine ya kusaga. Mwendeshaji wa mashine ile alikuwa babu yake. Agata aliipenda kumbukumbu hiyo, ingawa hakujua kama ni yake kweli au amesimuliwa mno.

Mwezi wa Novemba theluji ilikuwa imeanguka mfululizo hadi njia ya kwenda bandani ikafunikwa kabisa. Watu wazima walijaribu kupita wakazama hadi kiunoni. Walipofika, mbuzi wawili walikuwa wamekufa kwa njaa. Babu hakula siku ile.

Ndipo baba yake Agata, Methodi, alipoleta pikipiki ya theluji. Alifanya kazi katika gereji ndogo, na pikipiki hiyo kuukuu alipewa na mteja aliyechoka nayo. Haikuwa na magurudumu; mbele ilikuwa na vibao viwili vya kuteleza, na nyuma mkanda mpana wa mpira. Taa zake nyingi zilikuwa hazifanyi kazi. Methodi aliifungia injini mpya, akawafundisha Agata na babu kuiendesha polepole ndani ya uwanja, huku ikiburuta sanduku la nyasi kavu.

Katika likizo ya Februari 2015, Methodi na mkewe walisafiri kwenda Jeffersontown, kule Louisville, kwenye arusi ya Florida, binti wa baba mkubwa Leopoldi. Wakati wa kurudi wangepitia Columbus kumchukua shangazi Angelika. Agata naye alitamani arusi, lakini mbuzi hawawezi kuachwa peke yao. Alibaki na babu kwenye kijumba kando ya uwanja.

Asubuhi ya safari, Methodi alizungumza huku akifunga mizigo. "Injini ile bado mpya. Ndani nimeweka mafuta ya kawaida. Galoni hii ni mafuta ya sintetiki, msiyaweke kwanza. Mafuta yakiisha mara mbili, ndipo mbadilishe mafuta. Mwambie babu yako. Umeelewa?"

"Okei, dadi," alijibu Agata.

Hii okei ya Agata ilikuwa okei ya kila kitu. Aliitumia alipoelewa na aliitumia zaidi alipokuwa hajaelewa. Haikuwa hivyo tangu zamani. Wakati wa Krismasi, alipokuwa akizungumza kwa simu na binamu yake Spés anayeishi Reynoldsburg, alisema, "Mbuzi yangu zimekula." Spés alicheka hadi akakohoa. "Wee Agata, Kiswahili chako kimeganda kwa baridi ya Buffalo!" Tangu siku hiyo aliona heri kuitikia kuliko kuuliza.

Sasa sikiliza jinsi alivyoyaelewa maneno ya baba yake. Kile kinachojazwa garini kwenye kituo, yaani petroli, nyumbani kwao walikiita gesi, kama Wamarekani. Mafuta, kwa Agata, yalikuwa ya kukaangia, au yale mazito meusi ambayo baba yake alirudi nayo mikononi kutoka gereji. Kwa hiyo mafuta yakiisha mara mbili maana yake ilikuwa hayo mazito yaachwe yaishe. Aliona ni ajabu, lakini baba ni fundi, bila shaka anajua.

Kila asubuhi alipakia nyasi, akawasha injini, akavuka uwanja polepole huku babu akimwangalia mlangoni. Petroli ilipopungua, alijaza kutoka kwenye dumu jekundu bila kufikiria. Jioni alichomoa kijiti cha kupimia mafuta ya injini, akakifuta kwa kitambaa, akakitumbukiza tena. Mstari ulikuwa ukishuka. Agata alifurahi, maana mafuta yalikuwa yanaisha vizuri.

"Baba yako alisemaje kuhusu mafuta?" babu aliuliza siku moja wakila maharage.

"Iko okei, babu."

"Okei ndiyo nini? Nimeuliza alisemaje."

"Bado muda," alisema Agata, akainama juu ya sahani. Babu alinung'unika kitu juu ya watoto wa siku hizi, kisha akaanza hadithi ya mashine yake ya Mtabila, jinsi kina mama walivyopanga ndoo zao kwenye foleni na kutaniana hadi zamu zao zifike. Alipozungumza hayo, sauti yake ililainika. Agata alitamani kumwambia kwamba hakuelewa maneno ya baba. Lakini aliona aibu.

Alhamisi redio ilitangaza dhoruba. Babu akasema nyasi za siku kadhaa zipelekwe mara moja, kabla njia haijafunga. Agata alijaza sanduku hadi juu, akaondoka. Katikati ya uwanja injini ilibadilisha sauti. Ilianza kugonga, ka-ka-ka, mlio mkavu ambao hakuwahi kuusikia.

"Zima!" Babu alitoka mbio, buti mguu mmoja, kandambili mguu wa pili. "Zima, mtoto! Zima!"

Agata alizima. Ukimya uliofuata ulimtisha kuliko ule mlio. Babu alifika akitweta, akachomoa kijiti. Kilikuwa na unyevu kidogo tu kwenye ncha.

"Mafuta yako wapi?"

"Yanaisha, babu. Dadi alisema yaishe mara mbili." Machozi yalikuwa yameshaanza.

Babu aligonga tenki kwa kidole. "Gesi umejaza mara ngapi?"

"Mara tatu, pamoja na ya leo asubuhi."

Babu aliketi juu ya nyasi, akashika kichwa, kisha akacheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Mtoto wangu, kule Mtabila dizeli ni mafuta, ya taa ni mafuta, ya kupikia ya mgao ni mafuta, ya kujipaka ni mafuta. Baba yako alisema kama tulivyosema kwenye mashine. Yale mafuta ya kuisha ni gesi yako. Matenki mawili ya gesi yakiisha, ndipo unaweka sintetiki. Wakati ulikuwa umeshafika, nawe unangoja injini ikauke!"

Agata aliwaona akilini mbuzi wawili wa Novemba, wamelala na miguu migumu. Mbuzi walikuwa ng'ambo ya uwanja, na mawingu yalikuwa yanakuja. "Nimeiua, babu?"

"Sijui," alisema babu. "Mpigie baba yako. Umwambie wewe mwenyewe, na usimwambie okei."

Methodi alipokea akiwa Columbus, nyumbani kwa shangazi Angelika. Agata alisema yote kwa Kiswahili chake kilichoganda, akikosea na kuendelea. Methodi akasema, "Ungeniuliza, Agata." Hakupandisha sauti, na hilo lilimuuma zaidi. Akamweleza la kufanya, na safari hii kila sentensi Agata aliirudia. Palipomtatiza, alisema, "Sijaelewa hapo, baba."

Walitoa mafuta ya zamani injini ikiwa bado na joto. Babu alichovya kidole, akakigeuza kwenye mwanga. Kilimetameta.

"Unaona? Unga wa chuma. Vyuma vipya hula mafuta mwanzoni, na lazima visuguane kidogo hadi vizoeane, kama kiatu kipya na mguu. Sintetiki inateleza mno. Ukiiweka mapema, havizoeani vizuri, injini inakula mafuta kila siku. Ukichelewa, unga huu unabaki humo unakwangua."

Walibadilisha chujio kwa jipya aliloliacha Methodi pamoja na galoni, wakafunga, wakamimina sintetiki taratibu. Agata alishika ufunguo. Babu akaweka mkono wake juu ya mkono wa Agata.

Injini ilikohoa. Ikakohoa tena. Kisha ikanguruma sawasawa, bila mlio mkavu. Babu alifumba macho akaisikiliza huku akizuia pumzi, kama aliyesikia kitu cha mbali. "Inaimba kama ile yangu," alisema, na machozi yakamtoka bila aibu. Nyasi zilifika bandani kabla theluji haijaanza.

Njia zilipofunguka, Methodi na mkewe walirudi pamoja na shangazi Angelika. Siku hiyo walipika kwenye kijumba, watu wamejaa hadi dirishani. Methodi aliikagua injini, akarudi akipangusa mikono.

"Ni nzima," alisema. "Agata, mimi nilisema haraka, hilo ni kosa langu. Lakini nilikuuliza kama umeelewa. Neno sijaelewa halimwaibishi mtu. Anayeitikia asichokielewa anajidanganya mwenyewe na kumdanganya aliyemwamini. Mbuzi wangekufa kwa ajili ya okei moja."

"Hata wewe, babu," shangazi alidakia. "Daktari akisema Kiingereza, unaitikia yes, yes, halafu dawa unakunywa kwa kubahatisha."

Babu alianza kulalamika, akaacha. "Kuanzia leo nitauliza," alisema. "Agata atanisaidia."

Shangazi aligeukia jikoni. "Haya, Agata, niletee mafuta."

Agata alisimama, akazitazama galoni za gereji mlangoni, dumu jekundu na chupa ya mezani.

"Mafuta gani, shangazi?" aliuliza kwa sauti ya kusikika nyumba nzima.