Nilimtoboa Jicho Binti Yangu Siku ya Kuzika Baba Yake

Mimi ni cucu, yaani nyanya, wa miaka themanini na moja, mkulima wa viazi huku Endarasha, Nyeri. Shule niliiacha darasa la tatu, kwa hivyo mtanivumilia.

Binti yangu Nyambura ni profesa mkubwa ng'ambo. Anachunguza chembe za mwili, vitu vidogo ambavyo jicho tupu halioni. Kanisani watu hunipongeza. Hawajui kwamba jicho lake moja nililitoboa mimi!

Ilikuwa miaka ya themanini, Nyambura akiwa wa kwanza kwetu kufika chuo kikuu, huko Nairobi. Baba yake koo lilifunga. Alishindwa kumeza githeri, mahindi na maharagwe yetu, kisha uji, mwisho hata mate... Wanaume wengine wa kijiji tulikuwa tumewazika kwa ugonjwa huo huo. Naye akafia hospitalini Nyeri.

Asubuhi ya mazishi, shemeji yangu Kariuki aliingia chumbani kutafuta blanketi. Akatoka na chupa ndogo kutoka kwa mfuko wa Nyambura. Ndani kilielea kipande cha nyama.

"Hii ni nini, wewe msomi?"

"Ni ya koo ya baba," Nyambura akajibu bila kuficha. "Daktari alikata akiwa hai, na yeye mwenyewe alikubali. Nataka kujua ni nini inatumaliza. Rudisha, baba mdogo, tafadhali."

"Ati tafadhali! Mama Nyambura, umesikia? Umezaa mchawi! Amekula baba yake, sasa anabeba mabaki Nairobi!"

Kwetu nyama ya mtu haibebwi. Ni laana kwa boma zima. Lakini je, nilimwuliza mtoto wangu swali hata moja? Sikumwuliza!

Kariuki alimchapa fimbo ya mgongo, Nyambura akaanguka karibu na jiko. Mimi nikaokota ukuni. Nikampiga usoni mara moja, mara mbili... mara ya tatu ukuni ukapata jicho. Damu ilimwagikia nguo ya mazishi. Alikuwa akilia "Mama! Mama!" na anayempiga ni mimi!

Chupa niliivunja kwa jiwe. Kile kipande nikakitupa kaburini, juu ya sanduku.

Jicho lilikwisha. Nyambura alirudi chuoni na lile moja lililobaki, akasoma mpaka wenye majina makubwa wakamheshimu. Aliniandikia barua moja tu: "Mama, nimekusamehe. Lakini siwezi kukaa mahali mkono wako unafika."

Miaka kadhaa baadaye, kifungua mimba wangu Mwangi akafungwa koo vilevile. Daktari aliniuliza kama ugonjwa wa baba yake uliwahi kuchunguzwa. Nilisema hapana, bila kumwambia kwamba ile chupa niliivunja mimi. Mwangi nilimzika kando ya baba yake.

Wazazi wenzangu, mtoto akifanya jambo usilolielewa, keti umwulize, hata kama ukoo mzima unapiga kelele nyuma yako. Hasira ni ya dakika moja tu! Huyo profesa mnayemsifu, mimi mama yake sijui hata sauti yake ya utu uzima ikoje.