Ngao Kiganjani

Yaliyomfika Mashavu, rafiki yetu wa Missouri City, yalianza kwa hisani ndogo. Miaka ile ya tisini alikuwa akimuuguza mzee wa Kipolandi, wa ukoo wa kimwinyi, aliyetundika ukutani ngao yenye alama ya kiatu cha farasi.

“Koo nyingi zisizo na damu moja huibeba ngao hii,” mzee alimweleza. “Anayeibeba ni ndugu yetu, na mmoja akifa humpitia mwenziwe.”

“Usinipitie mimi, babu. Mie farasi namwogopa!”

Mzee akacheka. Mkesha wa Idi, ili kumfurahisha, Mashavu akaichora alama ile kwa hina kiganjani mwake mwenyewe. Nyumbani, bintiye Nusra alikataa kupakwa. “Inanuka, mama!”

Idi mosi mzee akafariki. Magharibi dhoruba ikakata umeme, na gizani Mashavu akasikia kwato juu ya lami, taratibu, zikasimama mlangoni. Akakisugua kiganja kwa ndimu na chumvi hadi alama ikatoka pamoja na ngozi. Kwato zikaondoka, zikaizunguka nyumba, zikasimama dirishani kwa Nusra.

Akakimbia na tochi. Mtoto, aliyechoshwa na Idi, alikuwa amelala mkono wazi. Kiganjani mwake mlikuwa na kiatu cha farasi, hina yake bado mbichi.