Jivu Juu ya Theluji

Nyumba ya mama mkwe wangu ni ya mwisho kule juu. Ukiipita, unaingia kwenye misonobari. Mimi na mume wangu Mun-seok na binti yetu Danbi tunakaa nyumba ya chini yake, lakini ua ni mmoja.

Kila asubuhi ya baridi nilipanda na bakuli la supu. Nilimkuta Mama ameshaamka, amechuchumaa mbele ya jiko la kuni linalopasha sakafu moto. Alikuwa akikomba jivu la jana na kulitia kwenye ndoo. Mara nyingi alifukia viazi viwili humo jikoni, kimoja cha Danbi na kimoja chake.

Kisha alitoka na ndoo kwa mlango wa nyuma. Nyuma ya nyumba upo mplamu alioupanda baba mkwe mwaka waliooana. Pale ndipo baba mkwe alipokuwa akimwaga jivu, maisha yake yote. Alipofariki, Mama akaendelea.

"Haya, kula, mzee," aliuambia mti, akainamisha ndoo.

Danbi alikuwa akicheka. "Bibi anaongea na mti!"

"Naongea na babu yako. Alikuwa hajibu tangu akiwa hai, nimeshazoea."

Majira yale ya baridi Mama alikuwa na jambo moja moyoni. Shemeji yangu Mun-ho, mwanawe mkubwa, anaishi mjini Wonju, kwenye jengo refu lenye lifti. Sikukuu ya mwaka mpya alikuja na familia yake, akala, akamwinamia mama yake, halafu akasema, "Mama, umri umekwenda. Peke yako huku mlimani, theluji, moto. Kikitokea chochote mwaka huu, nakuja na gari na unahamia kwangu. Sitauliza tena."

Mama hakubishana. Shemeji alipoondoka, aliniambia, "Mama Danbi, kule chumba changu kina dirisha moja, na dirishani kuna dirisha la mtu mwingine. Mimi nataka nife nikiuona mplamu huu ukichanua. Basi mwaka huu hapa kwetu kusitokee kitu. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

Baada ya hapo theluji ikaanza kuanguka. Ilianguka mpaka uzio haukuonekana. Mun-seok alishika beleshi, akafungua njia kutoka mlangoni kwa Mama hadi kwetu, na kutoka kwetu hadi barabarani. Theluji yote aliitupa kwenye kona ya lango, mahali ambapo hatupiti. Majirani wawili nao wakatupa ya kwao palepale. Ndivyo tunavyofanya siku zote. Kona ikawa kilima, na Danbi akapata pa kuteleza na gunia.

Siku theluji ilipotulia, alikuja Bi Guk. Huyu ndiye anayelinda msitu wa kijiji chetu usishike moto. Huvaa fulana nyekundu na kuzunguka na pikipiki yenye kipaza sauti. Siku hiyo alikuja kwa miguu, theluji imemfika magotini, anahema.

"Dada mkubwa! Mko hai?"

"Tungekufa ungesikia harufu," Mama akajibu. "Ingia ule kiazi."

Bi Guk hakuingia kwanza. Aliizunguka nyumba akitazama juu. "Mun-seok, ona dohani. Theluji imekaribia mdomo wake. Ikiziba, moshi unarudi ndani. Ndani yake mna sumu isiyo hata na harufu. Mtu analala, haamki. Isafishe kwa mti mrefu, ukiwa umesimama chini. Usipande paa."

"Paa hili nimelipanda tangu nikiwa mdogo," mume wangu akasema.

"Na yule mzee wa ng'ambo alilipanda lake tangu akiwa mdogo. Sasa anatembea na magongo. Ukilazimika kupanda, awepo mtu chini na kamba kiunoni." Akageuka. "Na sanduku jekundu liko wapi? Lile lenye mpira wa maji wa kuzimia moto?"

Tulitazamana. Mun-seok akaonyesha kilima cha theluji kwenye kona ya lango.

"Lipo. Limelala."

"Limelala! Mmelizika kabisa, mnangoja matanga!"

"Bi Guk, nani anawasha msitu kwenye theluji hii? Nitalifukua ikipungua."

Wakati huo Mama alitoka na ndoo yake. Bi Guk akamfuata hadi nyuma. Nami nikafuata.

"Dada mkubwa, jivu hilo limepoa?"

"Litapoa likigusa theluji."

"Hapana, dada. Jivu ni blanketi. Juu baridi, ndani kaa linapumua, leo, kesho, keshokutwa. Lina haja ya pipa la bati lenye kifuniko. Utie maji, ukoroge, uache. Ukiweka mgongo wa mkono usisikie joto hata kidogo, ndipo umwage."

Mama akacheka sana. "Guk, wewe ulikuwa unakojoa nyuma ya nyumba hii ukiwa hujui hata kufunga suruali. Leo unanifundisha jivu? Na theluji hii yote si maji?"

Bi Guk naye akacheka, akala kiazi chake, akaenda zake. Ndoo ilikuwa tayari imeinamishwa.

Theluji ilikaa. Halafu ukaja upepo wa magharibi, ule unaoshuka milimani mkavu na vuguvugu. Hapa kwetu tunaujua. Ukivuma, nguo zinakauka kabla hujamaliza kuanika. Mteremko wa nyuma ya nyumba unaangalia jua, na theluji ya pale ilianza kukatikakatika. Chini yake yalionekana majani makavu ya misonobari, mekundu, mengi kama godoro.

Asubuhi moja niliona chini ya mplamu pana shimo katika theluji. Pembeni pamekuwa peusi.

"Mama, pale chini ya mti pamefanya shimo."

"Mzee anakula tu," akasema.

Adhuhuri nilikuwa nikianua majani ya figili yaliyokaushwa. Upepo uliyanyang'anya mkononi. Nikageuka kuyafuata, nikaona uzi wa moshi nyuma ya nyumba ya Mama. Kwanza nilidhani ni dohani. Lakini dohani iko upande mwingine.

"Baba Danbi! Moto! Moto nyuma kwa Mama!"

Nilimkabidhi Danbi kwa jirani, ashuke naye barabarani. Nikapiga simu zimamoto huku nikikimbia. Kule nyuma majani yalikuwa yakiwaka kwa sauti ya kukwaruza, moto mdogo tu wa kimo cha kifundo cha mguu, lakini unatambaa. Upande mmoja ulikwenda msituni. Upande mwingine ulikwenda kwenye kuni zetu zilizopangwa ukutani kwa Mama.

Mun-seok alikimbilia sanduku jekundu. Nilisikia beleshi likigonga. Ile theluji iliyeyuka mchana na kuganda usiku, ikawa jiwe. Aligonga, aligonga, na beleshi likawa linaruka tu.

"Halifunguki!" alipiga kelele, na sauti yake ilikuwa kama ya mtoto. "Mama, toka nje! Shuka!"

Mimi nilivunja tawi, nikaanza kuupiga moto. Cheche zikaruka kwenye majani mapya.

"Acha!" Ilikuwa sauti ya Mama. "Usiupige, unaurusha! Unyimeni chakula!"

Alikuwa ameshika reki ya mianzi. Reki ile ilining'inia ukutani kwa miaka, vidole vyake vimepinda kama vya mzee, na mimi nilidhani ni pambo. Mama alisimama kati ya moto na kuni, akaanza kuvuta majani. Hakuyavuta kwa pupa. Alivuta mvuto mmoja mrefu, akakunja, akatupa nyuma, akasogea. Pale alipopita udongo ulibaki mtupu, mweusi, umesafishwa kama sakafu. Sikuwahi kumwona hivyo. Mgongo ulionyooka, miguu ya msichana.

"Mama Danbi, jembe! Nifuate, kwangua yaliyobaki! Migongo yetu iwe upande wa barabara. Nikisema kimbia, unakimbia, usiniangalie!"

Mun-seok aliliacha sanduku, akaja na beleshi, akatupa theluji juu ya ndimi za moto. Moto ulifika kwenye ule mstari wa udongo. Ukatafuta. Ukapungua. Upande wa msitu ulikuwa bado unapanda, tukasikia pikipiki, na Bi Guk akaja na wanaume wa kijiji, madumu ya maji migongoni. Gari la zimamoto lilikwama kwenye kona ya chini, kwa sababu tulikuwa tumefungua njia ya upana wa mkokoteni tu. Wazimamoto walipanda kwa miguu. Jua lilipoelekea kushuka, moto ulikuwa umekwisha. Ulikula kipande cha mteremko, na mplamu uliungua upande mmoja.

Mama alikaa chini na reki mapajani.

"Mun-ho asijue," akasema.

"Dada mkubwa," Bi Guk akasema kwa aibu, "nimetangaza kwa kipaza sauti cha kijiji kizima. Nadhani hata Wonju wamesikia."

Shemeji alikuja kesho yake asubuhi, na buti la gari likiwa tupu. Alilitazama lile eneo jeusi kwa muda. Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika.

"Mama, funga vitu vyako."

Mama aliingia ndani. Nilimwona akikunja shuka moja, akilikunjua, akilikunja tena. Kisha akatoka.

"Baba yako alimwaga jivu pale maisha yake yote," akasema. "Hakuchoma hata jani. Mimi nimekosea nini ambacho yeye hakukosea? Niambie hilo, nitapanda gari."

Bi Guk, aliyekuja kuangalia kama moshi haujarudi, ndiye aliyejibu kwa swali.

"Dada mkubwa, wakati ule mlikuwa mkikoka jiko kwa kitu gani?"

"Kwa majani ya misonobari. Nani alikuwa na gesi?" Mama alitazama mteremko, na uso wake ukalainika. "Tulikuwa tunatoka wasichana wote wa kijiji, kila mtu na reki yake. Ukichelewa, hupati. Mlima ulifagiliwa kuliko uwanja wa shule. Mimi na dada yako, Guk, tuligombania majani chini ya msonobari ule mpaka tukavutana nywele. Baba yenu aliniona siku ile. Alisema, mwanamke anayepigania majani hivi, nyumba yake haitakosa moto."

Nadhani hapo alisikia maneno yake mwenyewe.

"Baba alimwaga jivu kwenye udongo mtupu," Mun-seok akasema taratibu.

"Ndiyo," Bi Guk akasema. "Jivu ni lilelile, mlima ndio umebadilika. Tangu gesi ije hakuna anayeokota. Majani ya miaka yote yamelala pale. Ukifuata desturi ya mzee ya kumwaga, ufuate na ile nyingine ya kufagia. Au uache zote mbili, utumie pipa."

Mama akaenda ukutani, akachukua reki, akampa shemeji.

"Shika."

"Mama, mimi nina kazi kesho."

"Leo si kesho. Shika. Hapana, si hivyo, unakuna mgongo wa ng'ombe? Vuta mrefu. Kunja."

Shemeji Mun-ho alivua koti lake la mjini. Mchana kutwa tulivuta majani, tukaizunguka nyumba yote mpaka ikazungukwa na udongo mtupu, mpana kuliko ua. Tulisafisha na mifereji ya paa, Bi Guk ameshika ngazi. Kuni tulizihamisha mbali na ukuta. Mama alitembea nyuma yetu akisahihisha.

"Lakini siku nyingine msibaki kupambana nao kama jana," Bi Guk akatuonya. "Jana moto ulikuwa mdogo. Ukizidi goti, au upepo ukigeuka, achana na reki. Piga simu, shuka barabarani. Nyumba inajengwa tena. Na ule mchezo wa kuchoma nyasi za kingo za mashamba mwezi mpevu, mwaka huu hakuna."

"Hata kidogo?" Mama akauliza.

"Hata kidogo, dada."

Jioni shemeji alikaa kwenye sakafu yenye joto, viganja vina malengelenge, anakula kiazi cha jivuni. Alikula kama mtoto, masizi mdomoni.

"Harufu hii nilikuwa nimeisahau," akasema. Kisha akasema, "Nitaleta pipa la bati. Lenye kifuniko. Na kila vuli nitakuja kuvuta majani. Lakini Mama, siku nikikuta umemwaga jivu la moto..."

"Utanipandisha gari. Najua. Kula."

Majira ya baridi yaliyofuata theluji ilikuja mapema. Mun-seok alishika beleshi kabla ya chai. Safari hii hakuanza na njia ya kwetu. Alianza na sanduku jekundu. Tulikuwa tumelifungia mti mrefu wenye kitambaa chekundu, ili hata likifunikwa lionekane. Theluji sasa tunaitupa upande wa pili, kuelekea shambani, na njia hadi barabarani tunaifungua kwa upana wa gari. Majirani wamelalamika kwamba ni mbali. Lakini wanatupa huko.

Nilipanda na bakuli la supu. Mama alikuwa nyuma ya nyumba, amefunua pipa. Alivua glovu, akatumbukiza mgongo wa mkono katika jivu lililolowa. Akangoja. Akatumbukiza tena, chini zaidi.

Mplamu ule ulikuwa umechanua majira ya machipuko yaliyopita, upande mmoja tu, ule usioungua. Mama aliketi chini yake kila siku mpaka ua la mwisho lilipodondoka.

"Limepoa?" nikamuuliza.

"Limepoa." Akachota ndoo moja, akaiinamisha kwenye udongo uliofagiliwa chini ya mti. "Samahani kwa kukuchelewesha, mzee. Haya, kula."