Upande wa Biira

Saa ndiyo iliyoanza kudanganya. Ednah alifungua studio yake ya picha asubuhi, jua likiwa limeshatoka Bwera nzima na malori yakipigiana honi kuelekea mpaka wa Mpondwe, akawasha kompyuta, na saa ya kwenye kioo ikamwambia kwamba bado hakujapambazuka. Ilikuwa imerudi nyuma masaa matatu kamili. Akairekebisha, akapika chai. Kesho yake ikarudi tena palepale.

Kompyuta ile ilikuwa na mifumo miwili ya kuiendesha. Ashraf, fundi wa Kasese, aliiwekea Linux baada ya virusi vya flashi za wateja kuila mara kwa mara kama mchwa, na tangu hapo kazi zote zikaenda vizuri isipokuwa moja: mashine ya kuchapa picha za pasipoti. Mashine ile ni kaidi. Ilikataa Linux katakata, ikataka mfumo wake wa zamani. Ndipo Ashraf akaigawa diski sehemu mbili na kuuacha mfumo wa pili ukae upande wake. "Nyumba moja, bibi wawili," alisema akicheka. Na wake wenza tunawajua, hawaishi kuviziana.

Siku ile ya kugawa, kila upande ulidai jina. Hapa ndipo Ednah alipokosea, na ni kosa ambalo mtu asiye Mkonzo asingelifanya. Wakonzo hawahangaiki kutafuta majina ya watoto: binti wa kwanza ni Masika, wa pili Biira, wa tatu Kabugho, basi, tumbo limeshaamua. Upande wa Linux Ashraf alikuwa ameuita Masika kwa kumtania mwenye studio, kwa kuwa watu wote walimwita Mama Masika, ingawa Masika mwenyewe alikuwa akisoma bweni Kasese. Sasa wa pili uitwe nani? Vidole vya Ednah vikaandika Biira kabla moyo haujavizuia.

Biira wake alifariki akiwa na miaka miwili, kabla Kabugho hajazaliwa. Picha zake zote zilikuwa upande huohuo.

"Hiyo ya saa si kitu, Mama Masika," Ashraf alimwambia kwenye simu. "Hizo mifumo mbili inasoma saa tofauti. Moja inafuata saa ya Wazungu, ingine ya hapa. Nikikuja nitaisawazisha."

Ashraf alikuwa na jibu kwa kila kitu. Mfumo wa pili ulipojisasisha wenyewe mchana kutwa, wateja wakiwa wamejipanga na nywele zao zimechanwa, kisha ukaifuta ile orodha ya kuchagua mfumo kana kwamba Linux haikuwahi kuwepo, alisema ndiyo tabia yake, haupendi kugawana. Alipanda gari kutoka Kasese, akairudisha orodha, akala ugali wa muhogo, akaondoka. Baada ya muda orodha ikaanza kujichagulia yenyewe. Ednah alikuwa akiweka kidole kwenye Masika, na Biira ndiyo inafunguka.

Kilichomtia baridi kwanza kilikuwa kitu kidogo. Alitaka kuhamisha picha za harusi kutoka Linux kwenda upande ule, Linux ikakataa. Akayasoma maneno yake kwa sauti, akiyatafsiri polepole: upande wa pili haujazimwa, umelala tu, vilivyomo unaweza kuvitazama, huwezi kuvigusa.

Kabugho, mwenye miaka sita, alikuwa chini kwenye mkeka akikata masalio ya karatasi. Hakuinua hata kichwa.

"Halali, Mama. Anajifanya."

"Nani?"

"Biira. Anasema uji yako hataki. Inanuka."

Ednah alishika meza. Wiki ya mwisho ya Biira, mtoto alisukuma kila kikombe cha uji alicholetewa, na cha mwisho kilichachia kando ya kitanda kwa sababu hakuna aliyekuwa na nguvu ya kukiondoa. Jambo hilo hakuwahi kumsimulia mtu, hata mumewe aliyekuwa kazini kwenye kiwanda cha saruji. Na sasa, katika studio iliyozoea kunuka wino na karatasi, akaisikia: harufu ya uji uliochacha, ikitoka kwenye matundu ya kompyuta pamoja na hewa ya moto.

Tangu siku hiyo Kabugho akawa mtu wa kulala. Ednah akifungua upande wa pili ili achape picha, mtoto anaanguka mkekani usingizi mzito, mikono baridi, na haamki mpaka Linux irudi. Zahanati walimpima malaria hawakuiona, wakampa dawa ya minyoo. Ednah akaacha kabisa kuufungua ule upande. Wateja wa pasipoti akawaelekeza kwa mshindani wake, na hilo lilimuuma, lakini mtoto ni mtoto.

Haikusaidia kitu. Jioni moja umeme ulikatika mji mzima, jenereta za jirani zikaanza kukohoa, na Ednah, aliyekuwa akifunga dirisha, akaona ukutani mwanga wa buluu, akageuka, akaona kioo cha kompyuta kinawaka ingawa hakukuwa na umeme wa kukiwasha, na saa yake iko nyuma masaa matatu, na picha za Biira zinafunguka moja baada ya nyingine bila mkono wa mtu, Biira mgongoni, Biira kwenye beseni, Biira kitandani, na vitufe vinabonyea vyenyewe, taratibu, kama vinavyobonyezwa na kidole kimoja cha mtoto anayejifunza, na kioo kikaandika MAMA, kikafuta, kikaandika MAMA, kikafuta, na nyuma yake, mkekani, kifua cha Kabugho kilikuwa kikipanda na kushuka polepole kiasi kwamba ilibidi apige magoti na kuweka sikio mdomoni mwa mwanawe ili ajue kama yu hai.

Akauvuta waya ukutani. Kioo kiliendelea kuwaka. Kikaandika neno jipya: BADILISHANA.

Asubuhi Ashraf alifika mbio. Akasikiliza, akanusa, akarudi nyuma mpaka mlangoni.

"Hii sasa si ya fundi," alinong'ona. "Hii ni jini, Mama Masika. Mimi nitafuta hiyo upande, lakini si peke yangu. Tafuta mutu."

Mtu huyo alikuwa Ketura wa Nyakiyumbu, bibi mfupi mwenye ulimi mkali, ambaye kazi yake inajulikana kote Bukonzo: jini likisumbua nyumba, yeye hulijengea kibanda chake cha nyasi, kifikacho magotini, mbali na watu, ili lipate pa kukaa na liache nyumba kubwa. Aliingia studio, akamtazama Kabugho aliyelala tangu jana, akaitazama kompyuta kwa dharau.

"Mulikata nyumba mara mbili. Mukamupatia chumba, mukamupatia na jina. Mulitaka afanye nini, abaki inje?"

"Mukaka," Ednah alisema, akimwita bibi kwa heshima, "ni mutoto wangu. Iko anaita mama."

"Si mutoto wako!" Ketura alimshika mkono. "Mutoto wako alipumzika zamani. Hii ni kitu ilikuwa inapita njiani, ikaona jina iko wazi, haina mwenye, ikaingia ndani. Sasa inataka na mwili. Sikia vizuri. Kila kitu ya hiyo jina inaenda kwa kibanda. Nguo, kikombe, picha, yote. Ukiacha moja, umemuachia mulango."

Ednah alilia. Hakulia kwa woga, alilia kwa sababu alijua alichokuwa anaombwa: kumzika Biira mara ya pili, na safari hii bila kubakiwa hata na sura yake. Lakini Kabugho alikuwa amelala pale, midomo imeanza kupauka. Akakubali.

Ashraf alizihamishia picha zote kwenye flashi. Kabla ya kufuta akasema hawezi kugusa kitu kama kile bila udhu, akatoka na kopo la maji. Ketura alikuwa uani akifunga nyasi. Ednah akabaki peke yake na kioo. Pale palikuwa na picha moja, Biira kwenye baraza na sweta la njano, akicheka na meno yake manne. Ilikuwa picha ya pekee aliyocheka. Mama huyu angefanya nini? Akainakili upande wa Masika, akaificha ndani kabisa, akafuta machozi. Ashraf aliporudi akamkuta amesimama kando.

Upande wa pili ukafutwa. Ilipofika mwisho kompyuta ilitoa mlio mrefu mwembamba, harufu ya uji ikajaa chumba mpaka Ashraf akatapika, kisha ikakatika ghafla. Mkekani Kabugho akafumbua macho na kuomba maji.

Wakashuka hadi mto Lhubiriha mchana ule. Ketura akakisimamisha kibanda kando ya maji, ndani akaweka kikombe, gauni dogo na flashi, akanena maneno yake ya Kikonzo. Halafu akamgeukia Ednah.

"Iko kitu ingine ya jina yake imebaki?"

"Hakuna, mukaka."

Ketura akaziba mlango wa kibanda kwa nyasi. Wakaondoka bila kugeuka nyuma.

Mambo yakatulia kweli. Ashraf alipata mashine nyingine ya kuchapa iliyokubaliana na Linux, wateja wakarudi, na Kabugho akawa anakimbia na wenzake mpaka anaitwa kula. Ednah alishukuru Mungu. Picha hakuigusa, ingawa kila siku aliiwaza.

Siku moja ya mvua, studio haina mteja, aliifungua. Kwa dakika moja tu, alijiambia. Akaitazama, akayahesabu yale meno manne. Alipoifunga, macho yake yakaangukia saa ya kwenye kioo. Humo mlikuwa mmebaki Linux peke yake, hakukuwa tena na wa kubishana naye kuhusu saa. Na saa ilikuwa imerudi nyuma masaa matatu.

"Kabugho," aliita, bila kugeuka. "Kabugho, kuja unywe uji yako."

Kisha nyayo ndogo zikaja mpaka nyuma ya kiti, na kikombe cha uji kikasukumwa juu ya meza, polepole, mpaka kikaanguka.

Aligeuka. Mtoto alikuwa amesimama hapo, mwili ni wa Kabugho, gauni ni la Kabugho, anacheka.

"Kabugho hajakufa, Mama," akasema. "Iko analala tu."