Mikunjo ya Kushoto

Alhamisi ile mgahawa ulifurika mpaka wateja wakawa wanakalishwa meza moja na watu wasiowajua. Meza namba nne, ya duara, iliyo karibu na dirisha lililofunikwa na mvuke, walikaa wanne: mwalimu mstaafu, mama mmoja muuza bima mwenye mkoba mkubwa kuliko kiti chake, kijana wa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka kwenye kola, na msichana wa gauni la rangi ya ndizi mbivu.

Huyo wa gauni ndiye wetu. Nyuma ya mlango wa jikoni walimwita Mashoto, kwa sababu alikunja dimsamu, vile vifuko vidogo vya Kichina vya unga vinavyopikwa kwa mvuke, kwa mkono wa kushoto. Siku sita za wiki alisimama kwenye meza ya unga na kofia kichwani. Ya saba, badala ya kulala kama watu wenye akili zao, alijipamba akaja kukaa kama mteja, apate kusikia wenye kula wanasema nini. Na wenye kula, kama unavyowajua, hawasemi kitu kimoja.

"Vidogo mno hivi," mwalimu alisema, akikitazama kifuko cha unga chenye kamba wa baharini ndani, cheupe na chenye kung'aa kwa mvuke. "Mimi nimekuja kula, sikuja kuonja."

"Mwalimu, hapa hatushindani na mtu," muuza bima akamjibu. "Mimi nikila hivi nasahau hata simu za wateja wangu. Kinachonikera ni kelele tu. Na ile miguu ya kuku, wasinipitishie karibu."

"Miguu ya kuku ndiyo kitu pekee chenye maana hapa."

"Basi kula na yangu."

Kijana wa shati jeupe hakuingia katika ugomvi huo. Alikiinua kifuko kwa vijiti, akakielekeza kwenye mwanga wa dirisha, akakizungusha pole pole.

"Bwana, unakula au unakikagua?" mwalimu akamuuliza.

"Nisamehe, mwalimu. Mimi ni fundi saa, nimezoea kutazama kwanza." Akakirudisha kwenye kikapu cha mianzi. "Mikunjo ya hivi vingine vyote inalalia kulia. Hivi viwili inalalia kushoto, na ngozi yake ni nyembamba kuliko ya vyote. Aliyevikunja simjui, lakini ni mtu asiye na haraka na dunia."

Mashoto aliuteremsha mkono wake wa kushoto chini ya meza, akaubana katikati ya magoti. Miaka mitatu alikuwa amekunja maelfu ya vifuko, vikaliwa, vikasahaulika. Hakuwahi kufikiri kwamba mtu angeweza kumwona kupitia unga. Akaona aibu, akafurahi, na yote mawili yakamjia kwa wakati mmoja.

Akammiminia chai kwa mkono wa kulia. "Mtu akikumiminia, unagonga meza kwa vidole viwili," akamwambia. "Ndiyo asante ya hapa. Na birika likiisha huiti mtu. Unaacha kifuniko wazi, wanakuja wenyewe."

Fundi Saa akagonga mara mbili, taratibu. "Umejulia wapi yote hayo?"

"Nakuja sana," alisema, na hapo hakudanganya.

Walipoinuka, mwalimu na mama wa bima wakiwa bado wanabishana, Mashoto alimwandikia namba ya simu nyuma ya karatasi ya oda. Aliandika kwa mkono wa kulia, maana shuleni walimtoa ushoto kwa rula, ila ushoto wa kukunja ulimshinda kila mtu. Saba zake zilikuwa na mkanda kiunoni, kistari kilichozikata katikati.

Zikafuata wiki za ndotoni. Yeye na Fundi Saa walitembea mitaa ileile aliyoizoea, naye akaiona mipya. Mashoto alimngoja nje ya duka lake la saa, ambamo saa thelathini ukutani kila moja ilikuwa na ukweli wake, na yeye katikati akiwa ameinama na lenzi jichoni. Jioni simu iliita.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Na wewe?"

"Mimi nimeshiba sauti yako."

"Wacha uongo, nasikia unatafuna."

Mdogo wake wa kike, waliyelala naye chumba kimoja, alijifunika mto. "Dada, mwambie shemeji tunataka kusoma."

Kitu kimoja tu hakukisema. Alipoulizwa kazi, alijibu, "Ya mikono." Alitaka kwanza amsikie Fundi Saa akimsifia bila kujua anamsifia nani. Tamaa hiyo ndogo ndiyo iliyomponza.

"Nenda ule pale Jumamosi," alimwambia. "Ndiyo siku vinatoka vizuri. Kuna daftari la maoni mlangoni. Uandike, na uandike kweli, usipambe."

Sasa, mwenye mgahawa, mjane aliyeachiwa kazi hiyo na mumewe aliyetoka China, alikuwa na sheria yake. Wafanyakazi walimwita Mama Mvuke. Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya majiko kuwashwa, alisoma daftari kwa sauti mbele ya wote, na aliyepika kilicholalamikiwa aliandika jibu kwa mkono wake chini ya lalamiko. Hakuna aliyemjibia mwenzake.

Jumatatu hiyo akavaa miwani.

"Huyu anasema chai yetu ya moto mno. Anayefuata anasema imepoa. Hao wakutane wenyewe. Huyu anataka sahani kubwa zaidi, ni yule mwalimu." Akafungua ukurasa. "Meza namba nne, Jumamosi. 'Kati ya vifuko vinane, 7 vilikuwa na ngozi nene, na mikunjo imelegea. Ni yule mwenye mikunjo ya kushoto. Mikono ilikuwapo, mawazo yalikuwa mbali.'"

Jiko zima likamgeukia Mashoto. Akichungulia begani kwa Mama Mvuke, alikuwa ameujua mwandiko kabla namba ya meza haijatajwa, herufi ndogo zilizosimama wima kama za kwenye risiti za duka la saa.

"Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji," Mama Mvuke alisema, si kwa ukali. "Kalamu hii hapa, mwanangu."

Akaandika: *Vile 7 ni kosa langu. Havitarudi mezani kwako.* Machozi alikwenda kuyalia kwenye chumba cha unga, ambako kila mtu hutoka na macho mekundu na hakuna anayeuliza.

Kilichomuuma si lalamiko. Kilichomuuma ni kwamba lilikuwa la kweli. Alikuwa amesubiri sifa kutoka kwa mtu wa kwanza kuona kazi yake, na mtu huyo ameiona tena, na safari hii ameona mbovu. Angemwambiaje sasa kwamba mikono ile ni yake? Na asipomwambia, atamficha mpaka lini? Akaona heri akate mawasiliano. Simu iliita Jumatatu, ikaita Jumanne mara tatu. Jumatano mdogo wake akaipokea kabla hajamnyang'anya.

"Shemeji, yupo, amenuna. Sijui kosa lako, lakini omba radhi tu, ndivyo wanavyofanya wenzako."

Alhamisi hakwenda kukaa mezani. Alibaki nyumbani akaosha mapazia yasiyo machafu.

Ijumaa mchana, vikapu vikipanda ghorofa juu ya moto, mhudumu akaingia jikoni amechanganyikiwa. "Mama, kuna mteja meza namba nne ameacha kifuniko cha birika wazi. Nimejaza. Kakifunua tena. Nimekwenda kujaza, birika limejaa pomoni. Namuuliza anataka nini, anasema anangoja."

Mama Mvuke akachungulia kupitia kidirisha cha mlango, kisha akamtazama Mashoto, ambaye alikuwa ameharibu kifuko cha tatu mfululizo.

"Kifuniko kikiwa wazi, mteja huhudumiwa," alisema. "Nenda wewe."

Akatoka kama alivyo, kofia kichwani, unga mpaka kwenye viwiko. Dirisha lilikuwa jeupe kwa mvuke, na watu wote mezani walionekana kama wanaogelea ndani ya maziwa. Fundi Saa alisimama. Mbele yake lilikuwapo daftari, na kando yake karatasi ya oda iliyokunjwa.

"Nilikuja jana kukutafuta," alisema. "Nikasoma jibu la mkunjaji. Saba yake ina mkanda. Katika mji huu naijua saba moja tu yenye mkanda, nalala nayo chini ya mto."

"Basi umeshajua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilitaka unisifie bila kujua. Ukanisema mbele ya jiko zima."

"Uliniambia niandike kweli. Akipenda, chongo huita kengeza, najua. Lakini mimi ngozi nene sikuweza kuiita nyembamba." Akafungua kalamu. "Ukitaka nalifuta sasa hivi."

Hapo ndipo Mashoto alipojua kwamba akimruhusu kufuta, hataamini tena sifa yoyote itakayotoka kinywani mwake, hata ile ya siku ya kwanza. Akaweka mkono wake wa kushoto juu ya ukurasa, ukaacha alama ya unga.

"Usifute. Uliandika mawazo yalikuwa mbali."

"Nilikosea?"

"Hukukosea. Hayakuwa mbali sana lakini. Yalikuwa mtaa wa pili, kwenye duka lenye saa thelathini. Nilikuwa nakuwaza wewe, ndiyo vikanilegea."

Mashoto akalichukua birika, akaongeza matone mawili kwenye kikombe ambacho tayari kimejaa, chai ikamwagikia kitambaa. Fundi Saa akagonga meza kwa vidole viwili. Kisha akaushika ule mkono wa kushoto, na unga wake, na hakuuachia mpaka Mama Mvuke alipopiga kengele ya jikoni.

Miezi minane ikapita, na Mashoto alijifunza kumwaza mtu na kukunja kwa wakati mmoja. Jumatatu moja Mama Mvuke akavaa miwani, akasoma kwamba mgahawa una kelele, kwamba mgahawa umepooza, kwamba miguu ya kuku iongezwe, kwamba iondolewe. Akafika meza namba nne, akasafisha koo.

"'Vifuko havina dosari. Lalamiko langu ni moja: jioni mkunjaji hurudi kwao na mimi narudi kwetu. Naomba mgahawa unisaidie kulirekebisha hili maisha yote.'"

Hakuna aliyepumua isipokuwa sufuria.

"Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki," Mama Mvuke alisema, akivua miwani iliyoingia ukungu. "Na sheria ni sheria. Kila lalamiko lina mwenye kulijibu."

Mashoto akapangusa mikono kwenye aproni, akachukua kalamu kwa mkono wa kushoto, ule ambao shule iliukataza. Herufi zilitoka zimelala upande kama mikunjo yake. Wenzake wakajazana mabegani kwake kusoma.

*Lalamiko limekubaliwa. Aje nyumbani Jumapili saa nne aonane na mama yangu. Asichelewe, yeye ni fundi saa.*