Besi ya Chini Chini

Haya yalimpata Sosefo, tunayekunywa naye kava, kile kinywaji cha mizizi, hapa Nuku'alofa, Tonga, na siku hizi kwaya haendi tena.

Mkewe, Kalolaine, ni nesi. Alikuwa ametoka zamu ya usiku, amelala chumba cha pili, mapazia yamefungwa, giza tupu mchana kweupe. Sosefo naye alikuwa hoi kwa kulima viazi vikuu, lakini alitaka kujifunza besi, ile sauti nzito ya chini anayoimba kwaya, ya wimbo wa Jumapili kwenye kompyuta. Akipunguza sauti, besi inapotea. Akiongeza, mkewe anafoka: "We Sosefo, huna huruma? Nimekesha na wagonjwa!"

Akaingia kwenye mipangilio, akapandisha besi, akawasha kile kitu cha kunyanyua sauti hafifu. Besi ikaja chini chini, tamu, hadi meza ikatetemeka. Nyuma ya besi ile ikasikika sauti ya mtu mwingine, akiitikia kwa kuchelewa kidogo, kama anayejifunza.

Sosefo alidhani ni uchovu. Akazima kompyuta.

"Afadhali," Kalolaine akasema kivivu kutoka gizani. "Sasa mwite na huyu mwenzio aliyekaa hapa kitandani. Yeye bado anaimba."