Mtungi Uliotiwa Chaki

Maiti alilala kifudifudi kizingitini mwa jiko, kichwa jikoni, miguu sebuleni, na boriti ya paa imemkalia mgongoni. Inspekta alivua kofia. Siku ya tatu sasa moto ulikuwa ukishuka kutoka msituni, upepo ukiusukuma mtaa hadi mtaa pembezoni mwa jiji, na watu tisa walikwisha teketea. Mzee huyu angehesabiwa wa kumi, na mambo yangeishia hapo, kama si kisogo chake kubonyea kama kibuyu kilichokanyagwa.

"Boriti haikumuua," alisema daktari wa polisi. "Puani na kinywani hamna masizi hata chembe. Moto ulimkuta hapumui. Amepigwa kwa kitu kizito, bapa. Mara mbili."

"Pigo la pili lilihitajika?"

"La kwanza lilitosha."

Marehemu alikuwa mlinzi wa mnara wa moto. Kwa miaka ishirini alikaa juu ya kilima, akitazama msitu na kuandika daftarini, kila saa, upepo unavumia wapi. Watu walimwita Babu Mnara.

Inspekta aliizunguka nyumba. Ua wa michongoma upande wa msitu ulikuwa bado mbichi. Nyumba, basi, iliungua kutoka ndani. Madirisha yote yalikuwa na nondo. Mlango wa nje wa jiko ulikuwa umeungua nusu, lakini komeo lake la chuma lilikuwa bado limesukumwa mahali pake, kwa ndani.

Langoni palichorwa kwa chaki duara lenye msalaba na namba nne: Kikosi cha Nne cha zimamoto kimekagua, hamna mtu ndani. Na hatua ishirini kutoka mlango wa mbele, kando ya ua, ulisimama mtungi wa gesi, umefungwa barabara, kichwa kimegeuziwa mbali na nyumba. Ubavuni mwake, kwa chaki, namba nne tena.

Inspekta aliuinamisha. Ukingo wake wa chini ulikuwa na damu iliyoganda.

"Sajini, utie garini."

"Afande, ya nini kujitesa?" alisema sajini. "Mchoma mkaa tunaye mahabusu. Tanuri lake lilikutwa msituni, na jana jioni ameonekana akikimbia kutoka mtaa huu, shati lina damu. Kaanzisha moto, kisha kamuua aliyemwona."

"Nani alimwona akikimbia?"

"Kamanda wa Kikosi cha Nne mwenyewe. Mkwe wa marehemu, afande. Utamtilia shaka mtu aliyetoa watoto sita motoni?"

Redio ya gari ilikuwa ikipiga kelele: umati umekizunguka kituo, unamtaka mahabusu, na una petroli.

*

Walipofika, vioo vya kituo vilikuwa vimekwisha kupasuliwa. Watu mia mbili walisongamana uani, macho mekundu kwa moshi na kwa misiba. Mmoja alikuwa amebeba tairi begani kama abebaye mtoto.

"Tupeni mkaa wetu!" walipiga kelele. "Mchoma mkaa naye achomwe!"

Inspekta aliwapita mpaka ngazini, akageuka. Jiwe lilimpata shavuni. Hakuligusa jeraha.

"Mwenye kumtaka mtu huyu ataniua mimi kwanza," alisema. "Na anitajie jina lake, niliandike kabla sijafa."

Hakuna aliyetaja jina. Lakini hawakuondoka.

Ndani, mchoma mkaa alikaa sakafuni. Jicho lake moja lilikuwa limefumba kwa uvimbe, na vidole vitatu vya mkono wa kulia vilielekea kusikostahili. Walikuwa wamevivunja kwa mpini wa jembe, kimoja kimoja, kabla polisi hawajamfikia.

"Ulikwenda kwa mzee kufanya nini?"

"Aliniita."

"Kwa nini?"

"Jana mchana alinikuta njiani, akasema nipite kwake jioni. 'Moto ulioua watu haukutoka kwako, kijana wangu. Nimeuona ulikotoka. Kesho nitasema.' Jioni nikaenda kumshukuru. Nikakuta nyumba inawaka."

"Na damu?"

"Yangu, afande. Nilivunja dirisha nikakuta nondo. Tazama." Alikunja mkono wa shati. Mikato ilikuwa mirefu, na vipande vya kioo vilikuwa bado ndani. "Nilimwita mpaka sauti ikanikauka. Yule wa zimamoto akatokea uani akasema, muuaji huyu. Nikakimbia. Ungekuwa wewe ungekaa?"

"Alitokea ua wa mbele au wa nyuma?"

"Mbele. Peke yake. Mikono myeupe kama ya mwalimu atokaye ubaoni."

Ukumbini binti wa marehemu alikuwa kwenye benchi, kanga kichwani, ameishiwa machozi. Inspekta aliketi karibu naye.

"Binti yangu, pole. Baba yako alikwambia nini mwisho?"

"Alishuka kutoka mnarani jana mchana, amebeba daftari lake. Hakula. Akaniambia, 'Mwanangu, kesho nitakwenda kusema neno litakalokuuma wewe kwanza.'" Alimtazama inspekta. "Nini cha kuniuma mimi kwanza, baba? Mchoma mkaa simjui."

"Ulimwambia mtu?"

"Mume wangu tu."

Inspekta alifumba macho kidogo. Kikulacho ki nguoni mwako. Mama yake alikuwa akimwambia hivyo tangu utoto, naye hakuwahi kuifurahia methali ile.

*

Kamanda hakutafutwa mbali. Alikuwa pale pale uani, amekaa kwenye ngazi ya gari la zimamoto, watu wakimpa maji na kumpapasa mabega. Shoka fupi la kazi lilikuwa kiunoni. Alikaribishwa ofisini kwa heshima kuandikisha maelezo ya shahidi, naye akaja akitabasamu.

"Harakisheni, afande. Upepo utageuka saa kumi, na mji tulio nao ni huu mmoja."

"Maswali machache tu. Nyumba ya mkweo, nani aliikagua?"

"Mimi. Nilibisha, nikaita. Kimya. Nikatia alama langoni."

"Hukuingia?"

"Sikuingia. Mlango ulifungwa."

"Chaki ya kikosi anashika nani?"

"Kamanda peke yake. Ndiyo kanuni."

"Na mitungi ya gesi?"

"Ukiukuta, unaufunga, unautoa nje, unautia namba ili wenzako wajue haulipuki. Hata usingizini ningefanya." Alicheka. "Mke wangu atakwambia. Kila nikilala kwa watu, lazima niamke nikafunge gesi yao."

Inspekta alimpa ishara sajini. Mtungi ukawekwa juu ya meza, kishindo kikatikisa vikombe.

"Huu ulikuwa jikoni," alisema inspekta. "Jiko lile lina milango miwili. Wa nje una komeo, nalo nimelikuta limesukumwa kwa ndani. Njia iliyobaki ni ya sebuleni, na kizingitini alilala mkweo. Aliyeutoa alimruka maiti akiingia, na akamruka akitoka. Mtungi ni mzito, ulimponyoka hapo. Damu hii hapa. Na namba hii hapa."

Kamanda aliitazama ile namba nne muda mrefu, kama mtu anayesoma barua aliyoiandika mwenyewe akiwa amelewa.

Kisha shoka lilikuwa mkononi.

Pigo la kwanza lilimkuta sajini kwenye mkono alioinua kujikinga. Mfupa ulilia kama kuni kavu. La pili lilimlenga inspekta, likachimba meza hadi likanasa. Inspekta hakuwa kijana, lakini hakungoja la tatu. Alimpiga kwa kiti usoni, akampiga tena magotini, na kamanda alipoanguka alimkandamiza shingo kwa goti mpaka pingu zikalia. Damu ya pua ilitapakaa sakafuni.

"Una haki ya kunyamaza," alisema inspekta akihema. "Lolote utakalosema laweza kutumika kama ushahidi dhidi yako."

Hakunyamaza. Mke wake alikuwa amesimama mlangoni, na maneno yake aliyaelekeza kwake.

"Nilitaka kuuzuia," alisema, shavu lake juu ya saruji. "Juzi. Niliwasha moto wa kukinga bondeni, uteketeze majani kabla mkubwa haujafika. Baba yako akaita redioni, 'Usiwashe, upepo unageuka, ngoja nusu saa.' Nikaona uzee unamsemesha. Nikawasha. Upepo ukageuka, ukaushusha moto wangu mitaani. Wale tisa ni wangu."

"Wakakuita shujaa," alisema inspekta.

"Wakanibeba mabegani! Na mchoma mkaa alikuwapo, hana mtu, hana jina. Nikaona itapita. Kisha mzee akalileta daftari. Nilimpigia magoti. Akaniambia, 'Kesho tutakwenda pamoja, mwanangu. Mimi nitakushika mkono.' Akanipa kisogo akanitengenezee chai. Bapa la shoka. Nikalichoma daftari, nikaichoma nyumba. Mtungi... wallahi sikumbuki kuutoa. Mikono ilikwenda yenyewe."

Mkewe alimkaribia, akainama, akavua pete, akaiweka sakafuni mbele ya macho yake. Alitoka akijishika ukutani.

*

Habari hazina mguu lakini hukimbia. Inspekta alipofungua mlango wa mbele, umati ulikuwa umekwisha jua, na tairi lilikuwa bado begani mwa yule yule.

"Mtoeni kamanda!" walilia. "Kaua watoto wetu! Na achomwe yeye!"

Mchoma mkaa alikuwa nyuma ya inspekta, mkono umefungwa bendeji, ameachiwa huru. Angeweza kutokea mlango wa nyuma. Inspekta mwenyewe alimwonyesha. Badala yake alipiga hatua mbele, akasimama ngazini pale pale inspekta alipopigwa jiwe saa mbili nyuma, akainua ule mkono.

"Hivi vidole," alisema, "mlivivunja mkiwa na hakika kama hiyo hiyo."

Upepo uligeuka, ukawapiga majivu usoni, na kutoka upande wa bonde kengele ya zimamoto ikaanza kulia. Mwenye tairi alilishusha polepole. Mmoja aliokota ndoo, akakimbilia bondeni. Wa pili akamfuata. Mwishowe ua wote ukawa mtupu.

"Sajini," alisema inspekta, "ukienda kufungwa mkono huo, mpeleke na huyu. Vidole vyake vitangulie."